Yule muuza zafarani wa soko kongwe ANIKOME!

Wakuu, nimeingia nyumbani sasa hivi, hata viatu sijavua, mikono inatetemeka, naandika hivyo hivyo.

Yule baba wa zafarani kule soko kongwe. Mnamjua. Yule anayekaa chini ya saa iliyokufa kabla babu yangu hajaoa, mwenye mizani kama anapima dhahabu na sura kama kadhulumiwa urithi. Simtaji, mnamjua.

Nimesimama pale kwa adabu zangu zote, nikainama kunusa kichupa. Kunusa tu! Akakipokonya, akakifunga, kisha akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa wauza samaki: "Bibie, hii ni ya watu wanaopika."

YA WATU WANAOPIKA!!

Mimi! Mimi niliyeanza kukoroga sufuria nikiwa nimesimama juu ya kigoda! Foleni nzima ikageuka. Mama mmoja mwenye kikapu akanitazama toka unyayo hadi utosi kwa huruma, kama mtu aliyeletewa habari za msiba wangu. Nadhani hata samaki kwenye barafu walinigeukia.

Najua ni mali ghali. Ua moja linatoa nyuzi 3 tu, zinachumwa kwa mkono, kilo moja inakula maua zaidi ya 100,000. Sawa. Kwani mimi nimevuta pumzi nikaondoka na maua 40,000 puani?

Na ujinga wangu ni huu, nichekeni: nikanunua. Kwa hasira. Nimekaza shingo, nimwonyeshe kwamba napika. Akanipimia vinyuzi vya kuhesabika bila hata kunitazama, halafu akamgeukia yule mama wa kikapu: "Wengine wanakuja kupiga picha tu."

Ya watu wanaopika. Jamani.

Kijiko Kirefu: Pole mkuu. Swali la msingi: unapika au hupiki?

Mlalahai: 😂😂😂 Uzi ufungwe. Halafu huyo ana nafuu. Wa jibini mmemsahau? Kipande cha kuonja chembamba mpaka unaona upande wa pili, na ukishakimeza anakukodolea macho hadi ununue.

Bi Shubiri: Dada, kabla hujapika tia nyuzi mbili kwenye maji ya uvuguvugu ulete mrejesho. Ya kweli inatoa rangi ya manjano polepole, na uzi wenyewe unabaki mwekundu.

Mleta uzi: Nimetia. Maji yamekuwa mekundu kabla sijatoa kidole, nyuzi zimebaki nyeupe kama uzi wa kushonea. Kaniuzia rangi. Haya, rangi nasamehe. LAKINI YA WATU WANAOPIKA??

Kijiko Kirefu: Mpishi gani anatia kidole?

Mzee wa Kona: Mnalilia vinyuzi. Mimi niliuziwa siki nyeusi ya Modena, kule Italia, eti ile ya jadi iliyokaa miaka 12. Ile inajazwa kwenye kichupa chake cha mililita 100, chenye tumbo la duara. Yangu ilikuja kwenye chupa ya lita nzima, na vumbi limepakwa. Alama za brashi nimeziona kwa macho yangu.

Mlalahai: Lita nzima ukaamini? Mzee, wewe ndiye mtaji wa lile soko.

Mzee wa Kona: Kijana, niheshimu.

Pilipili Kichaa: Wauzaji mnawaonea, tatizo ni wapiga picha. Juzi nimefuata vitunguu saumu viwili, nikakwama nyuma ya mtu anapiga picha boga. Juu, chini, ubavuni. Boga! Na hakulinunua.

Mleta uzi: Tunaomba turudi kwenye mada.

Pilipili Kichaa: Ngoja kwanza. Kasema "wengine wanakuja kupiga picha tu". Alikuwa anamsema nani?

Mleta uzi: Nilipiga MOJA.

Kijiko Kirefu: Ahaaa.

Bi Shubiri: Dada na wewe!

Mleta uzi: Moja! Na ilikuwa ya ile saa!

Mlalahai: Hivi Jumamosi watu mnaegesha wapi pale? Mara ya mwisho nilirudi na mifuko miwili, nikakuta tairi limefungwa mnyororo.

Mzee wa Kona: Fika saa 12 asubuhi. Na yule wa maegesho, mnamjua, naye ana kisa chake na mimi. Ngoja nifungue uzi.