Watoto 38, mpira mmoja, halafu mwanangu ndiye "hana kipaji"?

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Jana nilimfuata binti yangu shuleni mapema nikakuta kipindi cha michezo kinaendelea, nikasimama pembeni ya uwanja. Watoto 38 kwenye mstari, mpira mmoja. Wa mbele anaukokota kuzunguka koni tano, anampa mwenzake, anarudi nyuma ya mstari. Nikaanza kuhesabu. Dakika 30 nzima binti yangu kaugusa mpira zamu mbili. Mbili! Muda mwingine wote alikuwa anafungua na kufunga kamba za viatu. Zamu ya pili ukamponyoka kwenye koni ya tatu, mwalimu akapuliza filimbi: "Wewe huna kipaji, kaa pembeni."

Na mipira mingine minne ipo! Nimeiona kwa macho yangu, imening'inia kwenye wavu ofisini. Eti isichakae.

Nikamfuata mwalimu. Jibu lake: lazima wajue ufundi kwanza, mchezo baadaye. Jamani, hoja hiyo Bunker na Thorpe, wahadhiri wa michezo wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, waliipinga tangu 1982. Mtoto aliyefundishwa kupiga tu, mechi ikianza anaduwaa, maana hajui ampe nani wala lini. Wao walitaka watoto waanze na mchezo mdogo uliorahisishwa, wakikwama ndipo wafundishwe ufundi wanaouhitaji. Koni haikabi mtu, wakuu. Koni haikunyang'anyi mpira.

Halafu kila wiki ni zoezi lile lile. Mwaka 1986 watafiti Goode na Magill waliwafundisha wanaoanza namna tatu za kuanzisha mchezo kwenye mpira wa vinyoya (badminton). Walipopimwa baadaye, waliozichanganya mazoezini waliwashinda waliorudia moja moja. Sawa, hawakuwa watoto wadogo, na anayeanza kabisa kurudiarudia kunamsaidia. Ila kurudia mara mbili kwa kipindi ni kurudia gani huko?

Sidai mafunzo ya timu ya taifa. Toa hiyo mipira mitano, wagawe wanne kwa wanne, uwanja mdogo, kundi la mwisho watatu kwa watatu, hakuna wa kusubiri. Mtoto atakaba, atapokonywa, atainua kichwa kutafuta mwenzake. Hapo ukiniambia hana kipaji nitakusikiliza.

Tangu jana hataki hata kuvaa raba.

Kikao cha wazazi ni Ijumaa. Aliyewahi kulisema hili bila mwanae kuja kuandamwa, anieleze alianzia wapi.