Eti "kagombea tu." Yaani usiku wangu wa siku nne umeishia kwenye maneno mawili!

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, makosa ya herufi mnivumilie. Wasimamizi msiuunganishe huu uzi na mwingine, uacheni ujitegemee.

Yule jamaa wa kamusi elezo, Wikipedia ya Kiswahili, anayefuta makala za watu. Mnamjua, msijifanye. Yule ambaye ukikosea koma saa nane usiku, saa nane na dakika moja keshafika. Nilikuwa nasikia tu anavyowafanyia wenzangu, leo kanifikia mimi.

Siku nne nimekesha naandika makala ya mzee mmoja mgombea ubunge wa huku kwetu. Kagombea 2005, kagombea 2010, kagombea 2015. Zote kakosa, sikatai. Lakini nimeweka kila kitu: shule aliyosoma, vyama vitatu alivyopitia, daraja la miti alilojenga kwa fedha zake, hadi picha yake yuko juu ya gari na kipaza sauti, nikaikata pembeni ili yule kijana anayetafuna muwa asionekane. Nikahifadhi. Nikaenda kuinjika chai. Maji hata hayajaanza kuimba narudi, makala hakuna! Kwenye sababu kaandika:

"Kagombea tu."

TU! Nilitoa macho kama mjusi kabanwa na mlango. Mtu kazunguka kata zote na pikipiki ya kuazima, kila uchaguzi kasaka wadhamini wake 25 mlango kwa mlango, halafu wewe umekaa na bando lako unaandika tu. Na kaweka nukta. Ile nukta ndiyo inayoniuma zaidi, kama mtu kafunga mlango na komeo.

Na humo humo kuna mheshimiwa wa 2020 aliyepita bila kupingwa. Hakupigiwa kura hata na mkewe! Ana ukurasa. Rais anaruhusiwa na Katiba kuteua wabunge hadi 10, ukiteuliwa leo kesho una ukurasa, mstari mmoja: fulani ni mbunge. Basi. Ila aliyepangiwa foleni toka alfajiri, huyo kagombea tu.

Sina undugu na huyo mzee, nasema kwa ajili ya haki. TU! Na nukta!

Fundi Baiskeli: Nawahi siti.

Bibi Karafuu: Povu lote hili lingefua mashuka ya hospitali nzima ya wilaya.

Kata Kiu: Mkuu umetaja hadi kijana wa muwa ila kura hujataja. 2010 alipata ngapi?

Mwenye uzi: Kura siyo hoja hapa.

Kata Kiu: Taja.

Mwenye uzi: 412. Lakini siku ile ilinyesha mvua.

Bibi Karafuu: Mvua ilinyesha kwake peke yake?

Chaki Nyeupe: Jamaa hana adabu, ila kanuni anayo. Wikipedia ya Kiingereza nao ni hivyo hivyo: ukichaguliwa bungeni unaingia, ukiwa mgombea mpaka vyombo huru viwe vimekuandika kwa kina. 2020 Theresa Greenfield alisimama kugombea Useneti wa Marekani kule Iowa kwa tiketi ya Democratic, siyo chama cha mfukoni, na makala yake ilikataliwa kwa miezi. Sasa mtazame Mchungaji Mtikila, mwanasiasa wa upinzani. Hakuwahi kuwa mbunge, lakini suala la mgombea binafsi, yaani asiye na chama, alilipeleka mahakamani tangu 1993, akazungushwa weee, hadi 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha ikampa ushindi dhidi ya Serikali. Huyo nani atamwambia kagombea tu? Mzee wako ana daraja la miti.

Mwenye uzi: Miti na vyuma.

Chaki Nyeupe: Mungu akubariki.

Jirani wa Namanga: Huku Kenya Wajackoyah aligombea urais mwaka 2022 akapata kura 61,969, hata asilimia moja haikufika, na hakuna mtoto asiyemjua. Alituahidi bangi na kufuga nyoka. Mzee wenu aliahidi nini?

Mwenye uzi: Josho la ng'ombe.

Jirani wa Namanga: Ndiyo maana.

Bibi Karafuu: Hashim Rungwe, aliyegombea urais 2020, na ubwabwa aliotuahidi! Mimi mpaka leo nikiona sahani ya wali kuku namkumbuka. Ukitaka ukurasa ahidi chakula, josho nani atalikumbuka.

Fundi Baiskeli: Subirini kwanza. Vyama vitatu, daraja la miti, josho, pikipiki ya kuazima. Huyo si mjomba wako mwenye duka la pembejeo?

Mwenye uzi: Undugu hauhusiani na kamusi elezo.

Kata Kiu: Uwiiii! "Nasema kwa ajili ya haki."

Turubai na Viti: Kama ndiye huyo nimefurahi kumpata. 2015 alikodi kwangu turubai mbili na viti 200 vya ufunguzi wa kampeni. Vilirudi 163. Nikipiga simu anasema yuko kwenye kikao. Kikao gani, na ubunge alikosa?

Mwenye uzi: Mkuu hilo mzungumze naye pembeni. Turudi kwenye mada. Mtu kaandika tu, kaweka na nukta.

Sauti ya Radi: Pembeni hakuna. Spika zangu alizirudisha moja imetoboka, kaziba na gamu ya baiskeli. Kuuliza, naambiwa ni moyo wa kujitolea kwa ajili ya mabadiliko.

Fundi Baiskeli: Gamu alichukua kwangu. Hajalipa.

Mama Ngoma: Sisi kikundi cha ngoma tulicheza toka saa tatu mpaka saa kumi jioni, tukapewa soda moja watu wawili. Ya moto.

Kata Kiu: Haya yote yaingizwe kwenye makala, kwa kina hivi jamaa hawezi kuifuta.

Mwenye uzi: Wakuu, mada.

Turubai na Viti: Mada ni viti 37.

Bibi Karafuu: Vya plastiki? Rangi gani?

Turubai na Viti: Vyekundu.

Bibi Karafuu: Vina alama yoyote kwa chini?

Turubai na Viti: Herufi T, rangi nyeupe, niliandika kwa mkono wangu.

Bibi Karafuu: Ngoja ninyanyuke.

Bibi Karafuu: Nimekikalia.