Tupeane uzoefu: kompyuta ndogo ya nyumbani kwa hela kidogo, vifaa ulichaguaje?

Wakuu, salaam.

Naomba tukusanye hapa uzoefu wa waliounda kompyuta ndogo za nyumbani, zile za kukaa pembeni ya TV au kwenye meza ya chumba ambacho kitanda kimeshachukua nafasi yote. Siongelei mashine za gemu za mamilioni. Naongelea mashine ya mtoto kusomea, ya hesabu za duka, na wikiendi familia ikaangalia sinema.

Nianze mimi. Msimamo wangu ni kwamba kompyuta ndogo inaanza na kesi, prosesa inafuata. Ukiwa na kesi kubwa unaweza kuanza na prosesa uipendayo na karibu kila kitu kitaingia. Kesi ndogo inakupangia milimita, na milimita hazibembelezeki.

Chukueni mashine ninayoandikia hapa, ASRock DeskMini X300. Boksi lake ni sentimita 15.5 kwa 15.5 kwa 8, yaani lita 1.92 tu. Linakuja na mazabodi yake ndani (bodi kuu inayounganisha vifaa vyote) na adapta ya wati 120 ya kukaa nje, kama ya laptop. Unachoongeza ni prosesa ya AMD ya soketi ya AM4, ramu na SSD, yaani diski ya kuhifadhia mafaili. Inaonekana rahisi, lakini tazama masharti yanayotoka kwenye hilo boksi. Feni ya prosesa pamoja na bati lake isizidi milimita 46 kwenda juu. Prosesa niliyochagua, Ryzen 5 5600G, inakuja na feni ya bure, Wraith Stealth, yenye milimita 54, kwa hiyo haifungiki humo. Nikaweka Noctua NH-L9a ya milimita 37, na bei ya feni hiyo lazima iingie kwenye hesabu tangu mwanzo. Ramu ni SO-DIMM, zile fupi za laptop. Nafasi ya kadi ya grafiksi haipo kabisa, kwa hiyo prosesa lazima ibebe grafiksi yake yenyewe, ndiyo maana ya kutafuta ile yenye G mwishoni. Na kwa kuwa 5600G ilitoka 2021, boksi lililokaa dukani tangu kabla ya hapo litahitaji BIOS mpya (programu ya mazabodi inayowasha mashine) ndipo liitambue. Mwambie muuzaji akuwashie uone kabla hujalipa.

Faida yake sasa: kimya, nafasi ya SSD mbili za M.2 (zile bapa za kuchomeka kwenye mazabodi) na diski mbili za inchi 2.5, na inafungwa nyuma ya monita ukitaka.

Karibuni. Mlinunua nini, wapi, na kwa nini hicho na si kingine?

Mdau wa Nairobi

Asante kwa uzi. Ndugu yangu, kwa kesi niko na wewe, ila "ndogo" si lazima iwe ndogo kabisa. Mimi nilikuwa natembea Luthuli Avenue nikilinganisha bei, na mazabodi ya Mini-ITX, ile ya milimita 170 kwa 170, kila nilipouliza ilikuwa ghali kuliko micro-ATX ya milimita 244 kwa 244. Unalipa zaidi upate kidogo: sloti mbili za ramu na moja ya kadi, basi. Nikachukua micro-ATX na kesi fupi yake. Inakaa chini ya meza, hakuna anayeigonga na mguu, na pawa saplai ni ya kawaida inayopatikana kila mahali. Ikiharibika Jumamosi, Jumamosi hiyo hiyo unapata nyingine.

Jambo lingine ambalo nataka watu walishike. Kama unategemea grafiksi ya ndani ya prosesa, nunua ramu mbili za GB 8, usinunue moja ya GB 16. Hiyo grafiksi haina kumbukumbu yake, inakopa kwa ramu. DDR4 ya 3200 ikiwa moja inapitisha GB 25.6 kwa sekunde, zikiwa mbili kwenye njia zake sahihi ni GB 51.2. Prosesa ni ile ile, pesa karibu ni ile ile, na utaona tofauti ukifungua gemu yoyote. Wauzaji wengi watakuambia "weka moja sasa, utaongeza baadaye". Kwa mashine yenye kadi yake ya grafiksi, sawa. Kwa hizi zetu, kataa.

Mdau wa Mwanza

Mimi naomba kutofautiana na wote wawili kwa heshima. Kwa bajeti ya kubana kweli, usiunde. Nunua mtumba wa ofisini, kisha uboreshe.

Niliyonayo ni Lenovo ThinkCentre M720q Tiny, prosesa i5-8500T, kori 6, wati 35. Zipo pia Dell OptiPlex Micro na HP EliteDesk Mini za umbo hilo hilo, ukubwa wa kitabu kinene. Ila angalieni kizazi. Windows 10 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 rasmi inaanzia Intel kizazi cha 8, ukiacha chache sana za cha 7. Ndiyo sababu zile zenye i5-6500T, ya kizazi cha 6, zimejaa sokoni kwa bei ya kushuka. Hizo zinafaa sana kama unaweka Linux, na mdogo wangu anasomea kwenye moja vizuri tu. Kama unataka Windows, ongeza hela kidogo uchukue kizazi cha 8.

Kabla ya kulipa, mambo matatu. Adapta yake iwepo, kwa sababu kichwa chake si cha kila laptop. Uingie BIOS mbele ya muuzaji, maana mashine za ofisini nyingine zinakuja na nywila ya kampuni iliyozitumia na kuitoa ni shughuli. Na SSD usiiamini hata kidogo, weka mpya.

Halafu umeme wa LUKU. Mashine ikila wati 30 kwa saa 8 kila siku, mwezi mzima ni uniti 7.2. Mnara wa zamani unaokula wati 120 kwa matumizi hayo hayo ni uniti 28.8. Kwa mwaka hiyo ni hela ya ramu.

Mdau wa Unguja

Assalaam alaykum. Mimi nizungumzie umeme, kwa sababu huku kwetu umeme ukicheza ndio unaomaliza vifaa.

Tahadharini na kesi zinazouzwa pamoja na pawa saplai yake. Niliuziwa moja imeandikwa wati 500 kwa herufi kubwa ubavuni. Ilipokufa ilikwenda na mazabodi. Baadaye fundi akanionyesha kibandiko: mstari wa volti 12, ambao ndio unaolisha prosesa na kadi, ulikuwa na ampea 16. Zidisha 12 kwa 16 unapata wati 192. Tangu siku hiyo nasoma mstari huo kwanza, na natafuta alama ya 80 Plus, ile ya ufanisi wa umeme. Kwa kompyuta ndogo isiyo na kadi ya grafiksi, pawa ya kweli ya wati 300 inatosha na kubaki.

UPS ndogo ya VA 650 (betri ya kushikilia umeme ukikatika) nayo iwe ndani ya bajeti, isiwe kitu cha "nikipata". Na kwa sisi wa karibu na bahari, msiweke mashine dirishani panapoingia upepo wa pwani. Chumvi inakula pini.

Mdau wa Dubai

Nipo Bur Dubai, na mitumba mingi mnayoipokea huko inapita huku, kwa hiyo naiona ikiwa bado mezani.

Kwa wanaonunua zile OptiPlex na EliteDesk nyembamba za SFF wakitaka kuongeza kadi: lazima iwe kadi fupi ya kimo (low profile), na isihitaji waya wa pawa, yaani isipite wati 75 za sloti. GT 1030 inakula kama wati 30, lakini zipo za aina mbili kwa kumbukumbu yake. Ya GDDR5 ni nzuri kwa kazi zake. Ya DDR4, iliyotoka 2018, ni dhaifu mno na jina ni lile lile, kwa hiyo soma boksi lote. RX 6400 inatumia wati 53 na ina nguvu zaidi, ila inatumia njia 4 tu za PCIe, yaani sloti ya kadi kwenye mazabodi. Kwenye mashine za zamani zenye PCIe 3.0 inapungua kasi, na haina sehemu ya kurekodi video. Kwa mashine hizo mimi ningetafuta GTX 1650 fupi.

Mdau wa Morogoro

Wakuu, nimeonyeshwa i5-12400F Kariakoo kwa bei nzuri sana. Ni ya kazi za ofisi tu, sina mpango wa kadi. Ramu ninazo, mbili za DDR4 za GB 8. Niichukue?

Mwanzisha mada

Mkuu, usiichukue. Hiyo F mwishoni maana yake haina grafiksi ndani, na bila kadi monita yako haitaonyesha kitu. Ndiyo maana bei imeshuka. Kwa kazi za ofisi chukua i3-12100 isiyo na F. Ina kori 4, ina UHD 730 ndani, na Excel na mikutano ya video itaendesha bila shida.

Mazabodi ya H610 inatosha, lakini hapo kuwa makini: zipo zinazotumia DDR4 na zipo za DDR5, na ramu zake haziingiliani, hata mwanya wa katikati hauko mahali pamoja. Kwa kuwa ramu unazo, mwambie akupe iliyoandikwa DDR4 kwenye boksi. Uliza pia kama ina Wi-Fi, kwa sababu nyingi za bei hiyo hazina, na itabidi uongeze ya kuchomeka USB.