Mgao umekatwa: fedha za maigizo na muziki kambini ziendelee kutolewa?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Kuna swali limenigombanisha na rafiki yangu tangu mwaka 2025, na kila tukikutana linaharibu chai. Naomba mtuamue, au mtugombanishe vizuri zaidi.

Kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kule Turkana, kaskazini mwa Kenya, ilifunguliwa 1992 kwa ajili ya watoto wa Sudan waliofika kwa miguu wakikimbia vita. Sasa hivi ukijumlisha na Kalobeyei, makazi ya wakimbizi ya jirani, watu wanakaribia laki tatu. Katikati ya 2025, wafadhili walipobana mkono, Marekani ikiwa mbele yao, WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, ilishusha mgao hadi asilimia 28 ya kiwango cha chini cha chakula, na pesa za Bamba Chakula, zile za kununulia chakula zinazotumwa kwa simu, zikasimama. Agosti watu wakapangwa kwa makundi manne kulingana na uhitaji. Kundi la kwanza asilimia 40, la pili 20, mawili ya mwisho hakuna kitu. Watu waliandamana kabla hata makundi hayajaanza kufanya kazi.

Na bado kuna miradi ya vijana: maigizo, rapu, mashairi, kuchora kutani, kujifunza kamera. Rafiki yangu anasema ni aibu kumpa maikrofoni mtu asiye na unga. Mimi nasema iendelee, lakini si hivi ilivyo, na nitaeleza kwa nini.

Niliwahi kufundisha maigizo huko kwa miezi michache, chini ya shirika ambalo sitalitaja. Tulikuwa tunafanya mazoezi saa kumi jioni chini ya mwarobaini. Siku ya kwanza vijana arobaini. Nikajiona mwalimu kwelikweli. Siku ya tatu soda na mandazi hazikuja, maana mwenye ufunguo wa stoo alikuwa ameenda mjini Lodwar. Wakaja tisa. Sasa mpinzani wangu hapo ndipo anapopiga makofi: umeona, walifuata mandazi! Sikatai. Hata mimi ningefuata.

Lakini hao tisa ndio tuliofanya nao kazi. Niliwaambia waigize jambo wanalolijua vizuri kuliko mimi, wakachagua foleni ya mgao. Kulikuwa na kijana mmoja wa Kirundi, kama miaka kumi na sita, ambaye wiki nzima hakuwa amefungua mdomo. Akajipa kazi ya mpimaji. Akachota unga hewani kwa kopo, akausawazisha kwa kiganja, akaanza kuumimina kwenye mfuko wa mwenzake, kisha akasita, akamtazama usoni, akarudisha kidogo. Akaligonga kopo. Tk, tk. Huko kurudisha kidogo ndiko kulikowaua watu kwa kicheko. Akina mama waliokuwa wanapita na madumu ya maji wakatua mizigo, wakataka arudie.

Msimamizi wa mradi alipokuja kuona mazoezi, aliagiza kipande hicho kitoke. Kinagusa wabia, alisema. Tuweke kunawa mikono.

Kwa hiyo swali langu si chakula au sanaa. Sanaa ile ilikuwa inazungumza habari ya chakula, ikanyamazishwa na walewale waliolipia mandazi. Kama fedha ni za kumfundisha mtoto kurudia ujumbe wa shirika, zikatwe hata leo, sitalia. Kama ni za kumwacha aseme anachokijua, basi nasema ziendelee, mgao uwe asilimia mia au 28.

Mchangiaji, Nairobi

Mimi ndiye huyo rafiki, na amesimulia kwa upole kuliko anavyosema tukiwa wawili.

Ndugu yangu, unatetea sanaa unayoitamani, wala si hiyo iliyopo. Iliyopo ni warsha ya siku tatu, bango lenye nembo sita, fulana, picha ya pamoja, ripoti. Gari la kuwapeleka wakufunzi linakunywa mafuta kutoka Lodwar na kurudi. Mtoto mwenye njaa hapandi jukwaani, anapandishwa. Halafu anapigwa picha akicheka, na picha hiyo inakwenda kuombea fedha nyingine za kumpiga picha mwingine. Nionyeshe mzazi mmoja wa kundi la nne ambaye ukimwambia achague kati ya kilo kumi za unga na mwanawe kufundishwa kughani, atachagua kughani.

Mchangiaji, mhasibu wa miradi

Kidogo tu kwa huyu wa Nairobi. Fedha nyingi za misaada huja na fungu lake. Za ulinzi wa watoto ni za ulinzi wa watoto, za elimu ni za elimu. Ukiukata mradi wa maigizo, pesa hazihamii kwenye unga, zinarudi kwa mfadhili. Nimezirudisha mwenyewe kwa mkono huu.

Mchangiaji, Nairobi

Basi tumbane mfadhili abadilishe fungu. Kwani fungu limeshushwa kutoka mbinguni?

Mchangiaji, Lodwar

Mnaongea kana kwamba Kakuma iko hewani. Iko kwetu. Hao mama wa madumu waliocheka, kuna uwezekano mmoja wao alikuwa Mturkana, na alikuwa kambini kuuza kuni. Mgao wa mkimbizi ukikatwa, mama yangu pia anakatwa, maana yeye kuni zake na makaa yake alikuwa anabadilishana kwa mahindi na unga wa hao hao. Hilo sijaliona kwenye ripoti ya sanaa wala ya chakula.

Halafu hii habari ya kufundisha vijana kujieleza. Sisi Waturkana ngoma yetu ya edonga tunaicheza tangu zamani, usiku kucha, vumbi mpaka magotini, na hakuna aliyetuletea soda. Sipingi vijana wa kambini kufundishwa. Nauliza kwa nini kijana wangu akitaka kushika hiyo kamera anaambiwa mradi si wake.

Mchangiaji, Dzaleka (Malawi)

Bonjour wote. Mimi ni Mkongo, niko Dzaleka miaka mingi. Hii kambi ilikuwa gereza, ikawa ya wakimbizi 1994. Ilipangiwa watu kama elfu kumi hivi, leo tuko zaidi ya elfu hamsini. Mwaka 2023 serikali iliwatoa wenzetu waliokuwa na maduka mijini, ikawarudisha humu. Kwa hiyo habari ya njaa tunaijua, msitufundishe.

Lakini nataka niwaambie jambo la Tumaini, tamasha letu la sanaa hapa kambini. Hii tamasha ilianzishwa 2014 na mshairi Mkongo, Menes la Plume, yeye mwenyewe mkimbizi wa hapa. Haikutoka kwenye ofisi ya mtu. Siku zile Wamalawi wanaingia kambini kwa maelfu, na wageni wengine wanalala katika nyumba zetu, wanalipa. Anayekaanga anauza, mshonaji anauza, kijana wa kinyozi anachelewa kulala. Mwaka mzima mimi siruhusiwi kwenda kutafuta kazi mjini, lakini siku hizo mji unakuja kwangu na pesa mkononi. Sasa huyu wa Nairobi aniambie: hiyo ni ngoma au ni unga?

Mchangiaji, Arua

Nakazia alichosema wa Dzaleka. Bidi Bidi, makazi ya wakimbizi huku kwetu Uganda, wilaya ya Yumbe, ilifunguliwa 2016 kwa ajili ya watu wa Sudan Kusini. Kuna kituo cha muziki na sanaa kimejengwa mle, na paa lake limeundwa kukinga maji ya mvua yatumiwe na wakazi. Unakwenda kuimba, unarudi na dumu. Ila na mimi sina usingizi: mwaka 2025 watu karibu milioni moja nchini Uganda waliondolewa kwenye mgao. Paa haliliwi.

Mchangiaji, Nairobi

Nampa heshima yake wa Dzaleka. Hoja yake siwezi kuivunja na sitajaribu. Lakini tazameni amesema nini: hiyo haikutoka kwenye ofisi ya mtu. Basi anayeniunga mkono ni yeye. Mimi napinga ile ya ofisi.

Mleta mada

Sasa tunaanza kusikilizana, na mimi sikutaka tusikilizane mapema hivi.

Wa Lodwar amenipata. Katika kundi langu hakukuwa na Mturkana hata mmoja, na sikuuliza. Mazoezi yalikuwa hatua chache tu kutoka njia wanayopitia kila siku.

Jambo moja bado hatujaligusa, nalo ni malipo. Mkimbizi akifundisha darasani au akikalimani hospitalini, analipwa kile kinachoitwa insentivu, kidogo kuliko Mkenya anayefanya kazi ileile. Msanii hapati hata hicho. Shairi la binti mmoja wa kundi letu lilirekodiwa, likatumika kwenye video ya kuchangisha fedha. Yeye alipewa fulana. Saizi kubwa, akampa baba yake. Mimi ningeanzia hapo: ukitumia sauti ya mtoto kuomba pesa, sehemu ya pesa hiyo irudi kwao kwa jina lake, anunue unga au nyuzi za gitaa, shauri yake na wazazi wake. Na kipande kikishatungwa na vijana, asitokee mtu wa ofisini kukikata.

Mchangiaji, Lodwar

Hujamaliza hadithi. Yule kijana wa kopo alienda wapi?

Mleta mada

Aliendelea. Tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi, tuliigiza kunawa mikono mbele ya wageni. Yeye alipewa kuwa kijidudu. Kazi yake ilikuwa kuruka ruka, kumwagiwa maji, kufa. Alipomwagiwa maji hakufa. Akaliokota lile kopo la maji, akachota hewa, akaisawazisha kwa kiganja, akamtazama mwenye sabuni usoni, akarudisha kidogo. Tk, tk. Halafu ndiyo akafa.

Kambi nzima ikaangua kicheko. Wageni nao wakacheka kwa kuona watu wanacheka. Msimamizi aliniuliza ile ilikuwa nini, nikamwambia vijidudu vina tabia hizo.

Mchangiaji, Lodwar

Na mandazi siku hiyo yalikuwepo?

Mleta mada

Yalikuwepo. Si wageni walikuwepo.