Mjadala: Nimalizie Morrowind ya mwaka 2002, au niishie hapa nilipofika?

Mleta mada:
Wakuu, habari za jioni. Nina jambo linaniumiza kichwa wiki ya tatu sasa, naomba tulijadili kwa hoja.

Niko katikati ya Morrowind, lile gemu la Bethesda la mwaka 2002. Nimeshalipa saa 31 za maisha yangu. Nilianza kwa sababu laptop yangu haibebi magemu ya sasa: Baldur's Gate 3 peke yake inataka gigabaiti 150, wakati hili la zamani linatosheka na gigabaiti moja hivi. Nikasema acha nijue wakubwa walikuwa wanasifia nini miaka yote hiyo.

Niseme ukweli, linachosha. Naona kwa macho yangu upanga umepita kwenye mwili wa panya, lakini gemu linahesabu kwamba nimekosa. Mhusika anatembea kama mgonjwa aliyetoka kitandani jana. Wale ndege wa milimani hawakuachi upumue. Na hakuna mshale wa kukuonyesha uende wapi. Mtu wa chama cha wapiganaji pale Balmora, Hasphat Antabolis, alinituma nikamletee kisanduku cha Wadwemer, lile taifa la kale lililotoweka, kutoka magofu yao ya Arkngthand. Maelekezo ni ya maneno tu: toka mjini, pita ngome ya Moonmoth, vuka daraja la kale juu ya bonde la Foyada Mamaea. Kufika nilifika. Mlango ukakataa kufunguka, kumbe kuna mkono wa kuzungusha kwenye bomba lililo jirani. Nikaingia, nikazunguka jioni mbili nzima nikitafuta kitu kidogo kilichokaa tu kwenye rafu gizani.

Lakini nilipokishika, sikumbuki gemu la sasa lililowahi kunifurahisha namna ile. Hapo ndipo ninapokwama. Nina mke, nina mtoto mdogo, nina kazi ya zamu. Muda wangu wa kucheza ni saa moja tu kwa siku, usiku wakishalala. Sasa hivi nimeambukizwa korprasi, ule ugonjwa wa Dagoth Ur, adui mkuu wa gemu, na nimeambiwa niende kwa mchawi mmoja anaitwa Divayth Fyr. Naambiwa safari iliyobaki ni ndefu kuliko niliyotoka.

Swali langu: gemu lililozeeka lina haki ya kudai muda wa mtu mpaka mwisho, au ukishaonja inatosha? Nawasilisha.

Mchangiaji kutoka Mwanza:
Mkuu, achana nalo, tena usijilaumu. Watu wanachanganya umri na thamani. Upanga ukimgusa adui na gemu likasema umekosa, hilo ni kosa la ubunifu, si falsafa. Ushahidi ni kwamba waliolitengeneza wenyewe waliliona. Oblivion ilipotoka 2006, pigo likigusa linahesabika, na mshale wa kukuelekeza ukawekwa. Skyrim ya 2011 ikaendelea na njia hiyohiyo. Kama mwenye nyumba kabomoa ukuta wake, wewe mgeni unautetea wa nini?

Halafu una mtoto mdogo. Saa moja ya usiku kwako ni mali. Hadithi imeshaelezwa na watu kwa kila namna. Soma mwisho wake kwa nusu saa, ulale.

Mchangiaji kutoka Dodoma:
Naomba nitofautiane na mkuu wa Mwanza, ingawa hoja yake ina uzito, hasa hiyo ya mwenye nyumba.

Kwanza nimsaidie mleta mada. Unakosa kwa sababu unapigana umeishiwa pumzi. Ule mstari wa kijani chini ya skrini ndio pumzi yako. Ukikimbia unashuka. Ukifika kwa panya ukiwa umekimbia kutoka mjini, mstari umeisha. Gemu linachukua ustadi wako wa silaha, sehemu ya wepesi na sehemu ndogo ya bahati, linajumlisha, halafu linazidisha kwa hali ya pumzi: ukiwa nayo kamili unazidishiwa 1.25, ikiisha kabisa ni 0.75. Tofauti hiyo ndiyo kupiga na kukosa. Tembea ukikaribia adui, au kunywa dawa ya kurudisha pumzi. Angalia pia kama silaha uliyoshika ndiyo ile uliyojichagulia ustadi wake mwanzoni. Wengi wanachagua ustadi wa visu vifupi halafu wanaokota upanga mrefu kwa kuwa unavutia macho.

Sasa hoja. Yapo mambo mawili hapa na watu wanayafunga kamba moja. Mapigano yamezeeka, hilo sibishi. Wahusika wanasimama kama vigingi, hilo nalo sibishi. Lakini maelekezo ya maneno hayajazeeka, yameachwa tu. Kuna tofauti kubwa. Kwenye magemu yenye mshale unafuata mshale, mandhari inakupita kama dirisha la basi la usiku. Vvardenfell, kisiwa cha gemu hili, unaijua kama unavyoijua mitaa ya kwenu: hapa kuna gofu, pale kuna daraja, yule mdudu mkubwa wa kusafirishia watu anasimama Seyda Neen, Balmora, Ald'ruhn. Miaka inapita na bado naweza kukuelekeza kwa mdomo. Skyrim nimeicheza mara mbili na siwezi.

Kwa hiyo mkuu wa Mwanza, mwenye nyumba alipobomoa ule ukuta aliangusha na dari. Kwenye mapigano alirekebisha. Kwenye safari alipoteza kitu, na mleta mada kakigusa mwenyewe pale Arkngthand. Asingefurahi vile kama angeonyeshwa rafu.

Mchangiaji kutoka Morogoro:
Hakuna aliyetaja OpenMW. Ni injini huria iliyoandikwa upya na watu wa kujitolea. Unaipa mafaili halali ya gemu lako, inaliendesha vizuri zaidi, na ule ukungu wa karibu unaondoka, unaona mbali. Ukiona mwendo bado unakukera, zipo nyongeza za wachezaji za kuongeza kasi. Binafsi nisingegusa kasi. Kisiwa chenyewe si kikubwa, upole wa mguu ndio unakifanya kiwe nchi.

Mchangiaji kutoka Mwanza:
Ndugu wa Dodoma, hoja ya njia nakupa. Lakini hujajibu ya muda. Mtu mwenye saa moja kwa usiku, jioni mbili kutafuta kisanduku ni anasa. Sisi tuliolicheza tukiwa wanafunzi tunakumbuka likizo zetu pamoja na gemu, halafu sifa zote tunalipa gemu.

Mchangiaji kutoka Lamu:
Salaam ndugu zangu. Mimi nitasema ya hadithi, maana naona mwaizungumza kama kitu cha kuhadithiwa kwa nusu saa.

Huku kwetu tumekua na habari za Fumo Liyongo. Hakuna silaha iliyompata ila sindano ya shaba kitovuni, na aliyemchoma ni mwanawe. Mwisho huo kila mtoto aujua kabla ya kusikia mwanzo. Na bado mzee akianza kuhadithia, watu huketi.

Morrowind ina jambo la aina hiyo. Nerevar, yule shujaa wa kale, alikufaje? Hekalu linasema alikufa kwa majeraha ya vita. Makabila ya jangwa la majivu yanasema aliuawa na wenzake, wale wanaoabudiwa leo. Vivec, mmoja wa hao wanaoabudiwa, naye ana kauli yake. Gemu halikwambii nani mkweli. Unapewa vitabu, unapewa wazee, unaachiwa. Ukisoma muhtasari utaambiwa jibu moja lililonyooshwa na mtu mwingine, na hadithi hii haina jibu moja. Na utakapofika kwa Dagoth Ur mwenyewe, kabla ya kupigana atakuuliza kama kweli wewe ndiye Nerevar aliyezaliwa upya. Swali hilo huwezi kumtuma mtu akujibie.

Kaka, maliza. Lakini yaache yale ya pembeni. Vyama, mapango, biashara ndogondogo. Fuata shina.

Mleta mada:
Wakuu, nashukuru sana. Nimekaa kimya siku nne kwa sababu nilikuwa nacheza.

Mkuu wa Mwanza, neno lako la likizo ni kweli, na ndilo lililonifanya niweke masharti: saa moja, siku nne kwa wiki, na shina tu kama alivyosema dada wa Lamu. Ya pumzi nimeyafuata. Panya sasa ananiheshimu.

Jana nimefika Tel Fyr, kwa Divayth Fyr. Anayesoma na hajafika huko, aishie hapa. Yule mchawi anafuga wagonjwa wa korprasi chini ya mnara wake, walioharibika miili na akili, na anakukataza usiwadhuru hata wakikurukia. Alinituma chini nikamchukulie viatu kwa mtu anaitwa Yagrum Bagarn. Nikashuka nikiwakwepa wale maskini ukutani, nikamkuta mtu mnene amebebwa na miguu ya chuma kama buibui. Nikamuuliza yeye ni nani. Ni Mdwemer. Wa mwisho anayejulikana kuwa hai.

Jioni zangu mbili nilikuwa nimepekua nyumba za watu wake. Nilikuwa nimekanyaga sakafu zao, nimefungua makabati yao, nikitukana giza lao. Sikuendelea na misheni. Nilikaa namuuliza maswali yote niliyoweza kumuuliza mpaka saa yangu ikaisha, na leo usiku narudi kuchukua dawa.