Ushauri: nimepewa unahodha wa timu ya boti la joka kazini, na nusu ya wenzangu hawajui kuogelea

Pangani Mtoni

Wakuu salaam. Wakubwa shikamooni.

Niko Toronto, Kanada. Ofisi yetu imejiandikisha kwenye mashindano ya boti za joka ya mwezi wa sita pale kisiwa cha Centre Island, yale yenye asili ya Uchina ambayo hapa yapo tangu 1989. Kwa ambaye hajayaona: boti lina urefu wa mita 12 na ushee, upana wake watu wawili wanakaa bega kwa bega basi. Wapiga kafi ni 20 kwenye mabenchi 10, mpiga ngoma anakaa omo (mbele) akiwatazama, mshika usukani anasimama tezi (nyuma) na kasia refu. Jumla watu 22. Bosi aliposikia nimekulia Pangani akanipa unahodha hapo hapo.

Ngalawa naijua. Lakini ngalawa ina matengo (mbao za pembeni zinazoelea) huku na huku, ikiyumba inajishika. Hili boti halina kitu cha namna hiyo, na nusu ya timu hawajui kuogelea kabisa.

Fomu ya kanuni ya waandaaji kila mmoja ameisaini, ila nikiwauliza kilichoandikwa humo wananiangalia tu. Wapo vijana wawili wenye miili ya mazoezi wanaosema jaketi okozi linawabana mabega, na kwamba sheria ya hapa inataka liwemo ndani ya boti tu, si lazima ulivae. Wengine wanataka tuanze mazoezi mapema mwezi wa tano kwa sababu timu nyingine zimeshaanza. Halafu kuna dada mmoja wa Bukavu aliyemaliza matibabu ya saratani ya titi. Yeye anataka kupiga kafi, ila bosi kamwambia akae kwenye ngoma, "asijiumize".

Naombeni mnisaidie: nisimamie lipi, niachie lipi, na tukipinduka tunafanyaje? Natanguliza shukrani.

Kisiwandui

Mkuu hongera, lakini mipaka ya unahodha wako uijue mapema. Nahodha wa timu ana sauti nchi kavu: orodha ya majina, fomu, nani anakaa benchi lipi. Mkishaondoka gatini, mwenye amri ya usalama ni mshika usukani. Akisema simamisheni, mnasimama, hata kama mpiga ngoma bado anapiga na mmebakiza mita 20. Kwa hiyo usukani usimpe mtu wa ofisini kwa sababu ana kifua. Kasia lile ni refu, boti likipata kasi au mawimbi ya ubavuni linamvuta mtu mpaka linamtoa nje. Timu mpya kwa kawaida waandaaji au klabu huwapatia mshika usukani mzoefu. Ombeni.

Kuhusu sheria, wenzako hawajadanganya, ila wamesoma nusu. Kanada inataka chombo cha kupiga kafi kiwe na jaketi okozi linalomtosha kila aliyemo, kamba inayoelea isiyopungua mita 15, kopo au pampu ya kutolea maji, na filimbi au kifaa kingine cha kutoa sauti. Mkibaki majini baada ya jua kuzama, na taa. Hicho ni kiwango cha chini cha serikali. Klabu na waandaaji wanaweza kuweka kanuni kali zaidi, na mkishaisaini fomu yao, hiyo ndiyo inayowabana. Kama imeandikwa "kuvaa", ni kuvaa, kwenye mazoezi na kwenye mashindano.

Na wasije na ujanja wa yale majaketi ya kujazwa upepo yanayofungwa kiunoni. Kwanza kwa sheria ya hapa, kwenye boti la wazi halihesabiki mpaka uwe umelivaa, na haliruhusiwi kwa aliye chini ya miaka 16 au mwenye uzito usiofika kilo 36.3. Pili, fikiria mtu asiyejua kuogelea, kapigwa na maji ya baridi, kahema vibaya, halafu atafute kamba avute, lijae, alipitishe kichwani. Hawezi. Wachukulie ya povu yaliyokatwa kwa ajili ya wapiga kafi, yana nafasi kubwa kwapani. Hao wa mabega wayajaribu hayo kwanza ndipo walalamike.

Sista Halima

Mimi ni muuguzi, nipo Winnipeg. Hapo kwenye mwezi wa tano naomba unisikilize vizuri kaka yangu.

Jua la mwezi wa tano linadanganya. Mtu anavaa fulana, huku maji ya Ziwa Ontario mara nyingi hayajafika hata nyuzi joto 10. Kuna mtaalamu wa hapa Chuo Kikuu cha Manitoba, Gordon Giesbrecht, aliyetumia miaka mingi kuchunguza mwili wa binadamu kwenye maji baridi, naye anafundisha hesabu ya 1-10-1. Dakika 1 ya kwanza mwili unashtuka, unavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, na kichwa kikiwa chini ya maji hapo unavuta maji. Dakika kama 10 zinazofuata mikono na miguu bado inakutii, baadaye inagoma. Kisha inaweza kupita hata saa 1 kabla ya kupoteza fahamu kwa baridi.

Unaona maana yake? Watu wanaogopa kuganda, kumbe wengi wanazama mapema kabla baridi yenyewe haijawaua. Na muogeleaji hodari naye mikono inamgomea vile vile. Jaketi ndilo linalokuweka pua juu ya maji katika hiyo dakika ya kwanza. Waambie vijana wako hivyo, bila kuwagombeza.

Kama maji bado ni baridi, tafuteni klabu yenye bwawa la kufanyia mazoezi ya kafi ndani, au fanyeni nchi kavu. Wiki chache za kusubiri haziwapotezei mashindano. Na siku ya kwanza ziwani kaeni karibu na ufuko, boti la uokoaji liwe linaonekana kwa macho.

Mzamiaji wa Guangzhou

Nasoma huku Uchina, michezo hii ndiyo kwao. Sikukuu yenyewe inaangukia siku ya 5 ya mwezi wa 5 kwa kalenda yao, wanamkumbuka mshairi Qu Yuan aliyejitosa Mto Miluo.

Nataka niwakumbushe ya Guilin, 21 Aprili 2018. Boti mbili za joka zilipinduka kwenye Mto Taohua, si kwenye mashindano, ni mazoezi. Watu 17 walikufa. Boti la kwanza lilikamatwa na mkondo mkali, la pili likaenda kuokoa nalo likapinduka pale pale. Wengi hawakuwa na majaketi.

Hiyo ya boti la pili ndiyo inayonikaa kichwani. Ukiona wenzako wamepinduka, moyo unakutuma uwakimbilie. Boti la watu 22 lisilo na nafasi hata ya mtu mmoja wa ziada haliokoi mtu. Simameni mbali na hatari, pigeni filimbi, inueni kafi juu kuita msaada, rusheni ile kamba kama mnafika. Boti lenye injini la waokoaji ndilo liende. Na kabla ya kuingia maji msiyoyajua, ulizeni wenyeji: mkondo uko wapi, kuna ukuta wa kuzuia maji, meli na feri zinapita wapi. Hapo Centre Island feri zinavuka, sivyo?

Pangani Mtoni

Ndiyo mkuu, feri zinavuka kutwa. Nimeandika yote haya. Sasa tukipinduka, hatua kwa hatua?

Kisiwandui

Zoezi hili lifanyeni nchi kavu kwanza, mkiwa mmekaa kwenye viti kwa mpangilio ule ule wa boti.

Kila mtu awe na namba, kuanzia benchi la mbele hadi la nyuma. Mnahesabu kwa sauti kabla ya kuondoka gatini, kila mara, hata kama ni safari ya dakika kumi. Jirani yako wa benchi ndiye dhamana yako, na wewe ni dhamana yake. Benchi la kwanza linamwangalia mpiga ngoma, benchi la mwisho linamwangalia mshika usukani, maana hao wawili wako peke yao na wanarushwa mbali.

Boti likipinduka: shika boti, mtafute jirani yako, hesabuni namba. Namba isipoitika, jirani aseme kwa sauti. Kuna uwezekano mtu yuko chini ya boti, ambako huwa kunabaki hewa, basi aliye karibu amvute. Wote wakipatikana, boti liacheni hivyo hivyo kifudifudi, ni kitu cha kushikilia, msihangaike kuligeuza kwenye kina. Jigaweni pande zote mbili. Msipande juu yake kwa kishindo. Kafi ziacheni ziende. Na mtu asiondoke kuogelea kwenda ufukweni, hata kama anauona. Ukiwa majini ufuko unaonekana karibu kuliko ulivyo, na ukiondoka hesabu inaharibika, wenzako wanaanza kukutafuta chini.

Kama boti limejaa maji bila kupinduka, kaeni. Yametengenezwa kuelea hata yakijaa.

Kuna amri mbili ambazo timu iwe inazitii usingizini. Ya kusimamisha: kafi zinazamishwa wima na kushikwa kwa nguvu. Ya kutuliza: kila mtu analaza kafi bapa juu ya maji upande wake, boti linatulia. Mazoezi ya kwanza rudieni hizo mbili mpaka muwachoshe watu, mbio zitakuja zenyewe.

Mwana Ukerewe

Niongezee la kukaa na kuhama. Sisi wa Ukerewe tulizika watu wengi Septemba 2018 baada ya kivuko cha MV Nyerere kupinduka karibu na kisiwa cha Ukara. Zaidi ya watu 200. Kilizidisha abiria, na walioponea walisimulia jinsi watu walivyohamia upande mmoja walipokaribia gati. Najua kile kilikuwa kivuko na hili ni boti la michezo. Maji hayajali.

Wazito wakae katikati, wepesi mwanzo na mwisho, na kila benchi wawili wanaolingana uzito. Wakitaka kubadilishana pande, benchi moja kwa wakati mmoja, wengine kafi zao zikiwa zimelazwa juu ya maji. Wakati wa kuingia na kutoka shikeni ukingo, msisimame kupiga picha. Na mkishinda, tafadhali, hapo ndipo watu wanaruka wote kwa furaha. Shangilieni mkiwa mmekaa.

Mama Neema

Nimeguswa na huyo dada wa Bukavu. Naishi British Columbia na mimi pia nilipona saratani ya titi.

Mwambie bosi wako kwamba mambo yalishabadilika. Zamani madaktari walituambia tusitumie mikono kwa nguvu na kurudiarudia, wakihofia mkono kuvimba maji baada ya upasuaji. Mwaka 1996 daktari wa michezo wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Don McKenzie, aliwachukua wanawake 24 waliopona saratani ya titi akawafundisha boti la joka hapa Vancouver, apate kuona. Mikono haikuvimba kama ilivyohofiwa. Leo timu za namna hiyo zipo nchi nyingi duniani.

Kwa hiyo dada aende kwa daktari wake, apate ruhusa, aanze polepole, na jaketi lake lisimkandamize palipofanyiwa upasuaji wala kwapani. Kama anataka kupiga kafi, apige kafi. Kuambiwa "usijiumize" na mtu asiyekuuliza kunaumiza kuliko kafi.

Tena kukaa kwenye ngoma si mahali pa kupumzikia. Mpiga ngoma amekaa juu, hana cha kushika zaidi ya ngoma na kiti, boti likistuka wakati wa kuanza yeye ndiye wa kwanza kuanguka. Naye avae jaketi kama wengine.

Kipepeo wa Tanga

Mbona mnamtisha mwenzenu? Ni mchezo wa siku moja wa maofisi, mita 200 hadi 500, waokoaji wamejaa.

Sista Halima

Ndugu, siku ya mashindano waokoaji wamejaa kweli. Mazoezi ya Jumanne jioni ya mwezi wa tano hawapo. Kaka anauliza kuhusu hayo.

Pangani Mtoni

Wakuu, nimerudi. Nimekaa na timu, nimewasomea humu karibu yote. Bosi amekubali tukodi bwawa la kuogelea jioni moja, tuvae majaketi turuke tukiwa wote, kila mtu ajue linavyombeba. Ziwani tutaingia mwezi wa tano ukielekea mwisho, na klabu imetupa mshika usukani wao. Dada wa Bukavu ameomba miadi na daktari. Mama Neema, nilimsomea maneno yako, amekushukuru sana.

Vijana wa mabega, mmoja amekubali. Mwingine bado anabishana.

Maswali ya mwisho: radi, na kafi za kununua.

Kisiwandui

Anayebishana asipande. Hapo ndipo unahodha wako una nguvu, unamtoa kwenye orodha nchi kavu, kwa upole, na akiba mnaye. Usimwachie mshika usukani ugomvi huo.

Radi ikisikika, rudini gatini mara moja, msisubiri kuona umeme. Mnangoja dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Ikinguruma tena dakika ya 25, mnaanza kuhesabu upya.

Kafi msinunue mwaka wa kwanza, klabu zinaazima. Mtu akitaka yake, kiwango cha shirikisho la kimataifa ni urefu wa sentimita 105 hadi 130, na upana wa ubapa usiozidi sentimita 18. Angalieni pia hesabu ya wanawake kama mmejiandikisha timu ya mchanganyiko. Shirikisho linataka wasiopungua 8 kati ya wapiga kafi 20, ila mashindano ya jamii yana kanuni zake, kwa hiyo someni fomu yenu.

Na viatu. Vya kufunga, soli laini, hata kama sakafu ya boti ni safi. Gati za mbao hapo Toronto zina misumari.