Naomba ushauri: viatu gani vya msitu wa Kakamega mwezi wa Aprili?

Nyalenda_Mkazi
Habari zenu wana jukwaa. Nina safari ya msitu wa Kakamega upande wa Buyangu. Tunapanda kilima cha Buyangu, kisha tunashuka bonde la mto Isiukhu hadi kwenye maporomoko. Tunatoka Kisumu asubuhi na kurudi jioni siku hiyo hiyo. Swali langu ni moja tu: gambuti au raba? Mvua imeanza kunyesha na pesa ya gari imeshalipwa, usingizi wenyewe siupati. Naomba majibu ya haraka.

Shinyalu_Juu
Raba, ila iwe na meno marefu na iwe imeshazoea mguu. Gambuti ni ya tope la tambarare. Kwenye mteremko wa kwenda mtoni udongo unateleza chini ya majani yaliyooza, mguu unacheza ndani ya gambuti, kisigino kinachubuka, na maji yakiingia kwa juu hayana pa kutokea. Vaa soksi ndefu na uchomeke suruali ndani yake kwa sababu ya siafu. Mvua ikishanyesha wanahama kwa misururu na kukatiza njia. Ukikanyaga msururu usisimame hapo kujikung'uta. Toka kwanza hatua kumi au zaidi, ndipo uwatoe mmoja mmoja.

Ndege_wa_Asubuhi
Viatu ni jambo dogo. Ukiingia getini saa nne umeshaukosa msitu. Fika saa moja, hondohondo wakiwa bado wanavuka juu ya miti. Mabawa yao utayasikia kabla hujawaona. Ndege aitwaye shorobo mkubwa wa buluu mtafute kwenye miti yenye matunda, usimtafute kwenye njia yenyewe. Mbega utawaona pembezoni wakiota jua. Na ukitaka yule kima wa De Brazza mwenye ndevu nyeupe, nenda kipande cha msitu cha Kisere, kaskazini ya hapo. Beba darubini hata ya kuazima.

Mwiritsa_Hai
Naomba niongeze la miti, maana watu hupita kama wanapita sokoni. Mkiuona mwiritsa, gome lake jeusi limepasuka vipande vya mraba, tafadhali msibandue hata kipande cha kuonja. Gome hilo hutengenezewa dawa ya tezi dume, na mti huu umewekwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, tangu 1995 kwa sababu ya kuchunwa. Ukichunwa kuzunguka shina lote, unakauka.

Nesi_wa_Kata
Ndugu Nyalenda, umeandika "tunatoka", "tunapanda", "tunashuka". Mko wangapi, wa umri gani, na mwelekezi mmempata?

Nyalenda_Mkazi
Tuko kikundi tu, na wengi wamezoea kutembea. Nimeuliza viatu.

Nesi_wa_Kata
"Kikundi" si idadi, ndugu yangu.

Nyalenda_Mkazi
Sawa. Ni watoto wa kanisa, 27, wa miaka 11 hadi 15, pamoja na mimi na mwalimu mmoja wa kike. Mwelekezi hatuna, na sababu ninazo. Mchango wa kila mtoto ulishapangwa, nikiongeza mia moja tu kuna wazazi watawatoa watoto wao. Pili, kuna mtu amenitumia njia yote aliyoirekodi kwenye simu, ina mpaka mahali anapovukia mto. Tatu, hawa si watoto wa ghorofani, vichaka wanavijua. Tutaondoka Kisumu saa mbili.

Shinyalu_Juu
Mwalimu, hapo kwenye simu nakusimamisha. Chini ya majani mazito ile alama ya mahali ulipo inaruka mita kadhaa huku na huku. Mahali penye njia mbili zilizokaribiana, simu haitakuambia uko kwenye ipi. Na msituni njia iliyokanyagwa sana huenda ikawa ya doria au ya watu wa shughuli zao, si ya wageni. Unafuata ile iliyokanyagwa ikawa nyeupe, unaishia kwenye kichaka. Anayejua ataitofautisha kwa kuitazama tu.

Saa nazo zihesabu. Kisumu hadi mjini Kakamega ni karibu kilomita 50, halafu karibu 20 tena kwa barabara ya Webuye kabla ya kukata kuingia Buyangu. Ukiondoka saa mbili, mpaka muegeshe, mjipange na mwende choo, ni saa tano. Mvua ya upande huu hupenda kushuka alasiri, tena na radi. Kwa hiyo watoto watakuwa bondeni saa ile ile mbaya. Ondokeni saa kumi na moja alfajiri, saa sita unusu muwe mmetoka msituni.

Nesi_wa_Kata
Nami nakuzuia kwenye mto. Isiukhu unatoka upande wa ukingo wa Nandi. Mvua ikipiga huko juu, maji yanawafikia ninyi mkiwa juani bila wingu hata moja. Mkifika ukingoni, chomeka kijiti pale pale maji yanapoishia. Tazama baada ya dakika kumi. Kikiwa kimezama, ondokeni. Maji yakibadilika rangi ghafla, au majani mabichi na matawi yakianza kuelea, msingoje hata hicho kijiti. Na hata mto ukiwa umetulia, maji ya goti lako ni maji ya paja la mtoto wa miaka 11. Kuvuka kwa miguu kufute kabisa. Maporomoko mtayatazama mkiwa upande mtakaofikia.

Ingokho_Halisi
Kwa nini usibadilishe, uwapeleke kilima cha Lirhanda, upande wa Isecheno wa msitu huo huo? Mnapita Khayega, Shinyalu, mnafika. Kilima kina nyasi juu, unaona msitu wote, na kuna handaki la wachimba dhahabu wa zamani lenye popo. Watoto watafurahi sana.

Nesi_wa_Kata
Kilima sawa, handaki hapana. Vumbi la kinyesi cha popo lina kuvu anayeshambulia mapafu, na ugonjwa wa Marburg, homa ya virusi inayoua, wa mwaka 1980 na 1987 ulihusishwa na pango la Kitum lenye popo, Mlima Elgon, huku huku kwetu magharibi. Mwenye pumu asikaribie hata mlango. Hapo juu nyasini nako, mkisikia ngurumo shukeni mara moja, na msirudi mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Msijikinge chini ya mti uliosimama peke yake.

Mzee_wa_Kibuye
Mtoto wa mwenzio ni amana. Mzazi akikukabidhi mtoto hakukukabidhi bajeti.

Kondele_Macho
Mimi naona uzi huu umetungwa. Mtu mwenye watoto 27 huanza na watoto, haanzi na raba. Halafu ghafla kuna mwalimu wa kike, kuna rekodi, kuna mto wa kuvuka, kila akiulizwa kinatokea kitu kipya. Kesho atakuja mtu hapa na namba ya simu kusema anapanga safari za makanisa. Tumeshawaona hao.

Ndege_wa_Asubuhi
Hata mimi nimeshangaa. Buyangu malipo ya KWS, shirika la wanyamapori, hupitia eCitizen, tovuti ya malipo ya serikali; pesa taslimu hawapokei. Mtu aliyepanga kweli angeshaliuliza hilo.

Nyalenda_Mkazi
Safari ni ya kweli. Jina la kanisa sitaliandika hapa kwa sababu wazazi wanasoma. Hilo la eCitizen nimelisikia sasa hivi, nilikuwa nimebeba hesabu ya noti. Nimekubali kuondoka saa kumi na moja na mto hatuvuki. Lakini mwelekezi nitachukua mmoja tu, na mmoja anatosha.

Kondele_Macho
Weka picha ya risiti ya gari basi.

Shinyalu_Juu
Kondele, ya risiti tuyaache. Awe ametunga au hakutunga, kuna mwalimu mwingine atausoma uzi huu Aprili ijayo.

Mwalimu, mmoja hatoshi, na nitakuonyesha kwa nini. Njia ni ya mtu mmoja mmoja. Watu 29 wakifuatana kwa nafasi ya mita mbili, mstari unazidi mita 50, na msituni penye kona hata mita 15 huoni. Wa mbele akigeuka kushoto, wa nyuma hajui. Chukua waelekezi watatu, watoto tisa kwa kila mmoja. Wewe funga mkia wa kundi la kwanza, mwalimu mwenzako la pili, na tafuta mzazi mmoja wa la tatu. Achaneni kwa dakika tano. Kila njia panda mnasimama, mnahesabu kwa sauti, ndipo mnaondoka. Kila mtoto apewe filimbi: mara tatu maana yake nimepotea, nasimama nilipo. Anayepotea asitembee.

Gharama ya waelekezi ikigawanywa kwa watoto 27 si kubwa kama unavyoogopa. Ulizia bei mapema, na malipo ya kiingilio yafanye kabla ya siku yenyewe; mtoto na mtu mzima hawalipi sawa.

Nesi_wa_Kata
Maji lita moja na nusu kwa kila mtoto, yatoke nyumbani. Ya mto wasiyanywe. Orodha ya wenye pumu na kifafa iwe mfukoni mwako, dawa zenyewe zibebwe na mtu mzima wa kundi hilo hilo. Gogo likilala njiani wasiliruke: wakanyage juu, watazame upande wa pili, ndipo washuke. Nyoka aitwaye kifutu wa Gaboon ana rangi za majani makavu na hakimbii mtu. Akiuma, usikate wala usikaze kamba. Vua viatu, saa na bangili, funga mguu kwa kijiti usitikisike, mtoto abebwe hadi kwenye gari na apelekwe hospitali moja kwa moja.

Nyalenda_Mkazi
Asanteni. Waelekezi wawili nitawamudu, wa tatu niachieni nizungumze na wazee wa kanisa. Sasa jambo jingine: akina mama wamenunua unga na sukari, wanataka kupika uji hapo kwenye maporomoko. Inawezekana?

Shinyalu_Juu
Moto ndani ya msitu hapana. Wapike kwao usiku, utiwe kwenye chupa za chai, uachwe garini. Mtaunywa mkitoka.

Nyalenda_Mkazi
Sufuria tayari wamezikodisha.